Gemu, mikono na mabinti wa Daktari Rett

Kimya kingi kina mshindo, ndiyo maana leo nimerudi na stori ndefu kidogo. Kama una haraka, kaweke chai jikoni kwanza, utaisoma ikichemka.

Nilipokuwa shule ya msingi kulikuwa na kibanda cha PlayStation mtaa wa pili kutoka kwetu. Unalipa, unakabidhiwa pedi, unacheza mpira dakika kumi, halafu unampisha mwenzako. Mama akinikuta pale ilikuwa kesi. "We mtoto, hizo gemu zitakupa nini?" Nadhani nusu ya mnaosoma hapa mliwahi kuulizwa swali hilo hilo. Mimi sikuwahi kuwa na jibu. Juzi juzi, nikiwa nafuatilia habari nyingine kabisa, nikalipata mahali ambapo sikutegemea: kwenye historia ya ugonjwa mmoja adimu unaowapata hasa watoto wa kike, ugonjwa unaowanyang'anya mikono yao.

Nasema unawanyang'anya mikono, lakini simaanishi kwamba inakatwa. Mikono ipo, ina misuli, ina mishipa, ina vidole vitano vitano. Ila haimtii tena mwenyewe.

Unaitwa ugonjwa wa Rett. Leo nataka niwasimulie jinsi dunia ilivyoujua, jinsi ilivyowakosea hao mabinti kwa miaka mingi, na jinsi michezo ya kompyuta ilivyokuja kuwa moja ya njia za kuifundisha upya mikono yao. Haya, tuanze.

VIENNA, 1954

Andreas Rett alikuwa daktari wa watoto mjini Vienna, Austria. Siku moja mwaka 1954 aliona kitu kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa. Mabinti wawili walikuwa wamepakatwa, kila mmoja na mama yake, na wote wawili walikuwa wanafanya jambo lile lile: wanasugua mikono mbele ya kifua kama mtu anayenawa maji yasiyokuwepo.

Wagonjwa wawili wasiojuana, tendo moja. Daktari mwingine angepita zake. Rett akarudi kwenye mafaili yake, akatafuta, akakuta wengine wenye hali hiyo hiyo. Akawarekodi kwenye filamu na kuzunguka nayo Ulaya akiuliza kama kuna mwenzake aliyewahi kuona watoto wa namna hii. Mwaka 1966 akachapisha maelezo yao kwenye jarida la kitabibu la Vienna.

Dunia haikushtuka. Sababu ya kwanza ni lugha: aliandika Kijerumani, na madaktari wengi nje ya nchi zinazosema Kijerumani hawakusoma. (Sisi tunaoandika Kiswahili tunaielewa hii habari bila kufafanuliwa.) Sababu ya pili ni kosa la kweli. Rett aliamini kwamba damu ya watoto hao ina amonia nyingi kupita kawaida, akaiweka amonia hiyo kwenye maelezo ya ugonjwa. Baadaye ikaonekana kwamba wengi wao hawana tatizo hilo. Kwa hiyo daktari aliyekuwa na mgonjwa mwenye dalili zote, akipima damu na kukuta amonia iko sawa, angeamini kwamba mtoto wake si katika hao.

Wakati huo huo huko Sweden, daktari Bengt Hagberg alikuwa anakusanya wagonjwa wake mwenyewe tangu mwaka 1960, bila kujua kwamba kuna mtu Vienna anayewatazama mabinti wa aina ile ile. Ilibidi ifike mwaka 1983 ndipo Hagberg, Jean Aicardi wa Ufaransa na wenzao wakachapisha kwa Kiingereza habari za wasichana 35. Hagberg alikuwa muungwana: jina aliloupa ugonjwa ni la Rett, si lake.

Lakini hebu tuangalie kichwa cha makala ile ya 1983. Kilisema kwamba huu ni ugonjwa unaozidi kadiri muda unavyokwenda, wenye usonji, kupotea kwa akili, kuyumba kwa mwili, na kupotea kwa matumizi ya mikono. Naomba uweke alama kwenye hayo maneno "kupotea kwa akili". Tutayarudia.

MTOTO ANAVYOPOTEA MBELE YA MACHO YAKO

Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa akionekana mzima. Anakaa, anacheka, anashika kijiko, wengine wanaanza kusema maneno mawili matatu. Halafu, mara nyingi kati ya miezi 6 na 18, mambo yanasimama. Kisha yanarudi nyuma. Maneno yanakauka. Kijiko kinaanguka na hakiokotwi. Mikono inaanza ule mchezo wake: kusuguana, kupiga makofi, kuingia mdomoni. Wengine hawafikii kutembea, wengine wanatembea kisha wanaacha. Huja kifafa, huja upumuaji usioeleweka ambapo mtoto anahema kwa kasi halafu anabana pumzi, huja uti wa mgongo kupinda. Inakadiriwa huwapata mtoto mmoja katika kila watoto wa kike 10,000 hivi wanaozaliwa.

Sasa fikiria wewe ndiye mzazi. Kitu gani kinaumiza kuliko kumwona mwanao akisahau jina lako baada ya kulijua? Na wewe msomaji unajua vizuri majirani wa kwetu wangesema nini. Amerogwa. Amekanyaga kitu. Mama alikula kitu fulani akiwa mjamzito.

Jibu la kisayansi lilipatikana mwaka 1999, na lina stori yake. Huda Zoghbi, aliyezaliwa Beirut na kuhamia Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanon, alikutana na mgonjwa wake wa kwanza wa Rett huko Texas mwaka ule ule wa 1983. Hakuweza kumsahau. Akaacha njia ya daktari wa kawaida akaingia maabara kuisaka jeni. Miaka 16 baadaye, yeye na wenzake, akiwemo Ruthie Amir, wakaipata: jeni iitwayo MECP2, iliyoko kwenye kromosomu X. Kazi yake ni kama msimamizi wa zamu kiwandani. Yenyewe haitengenezi kila kitu, ila inaongoza jeni nyingine nyingi zifanye kazi kiasi gani na wakati gani. Ikiharibika, chembe za ubongo zinakosa uratibu.

Na katika wagonjwa walio wengi, hitilafu hiyo haikurithiwa. Hutokea upya, mara nyingi kwenye mbegu ya baba kabla mimba haijatungwa, bila yeye kujua na bila yeye kufanya kosa lolote. Kwa hiyo si uchawi, si chakula, si mama. Kama utasahau mengine yote niliyoandika leo, hilo lishike.

KUMFUNGA MTU KAMBA KISHA KUMPIMA KUOGELEA

Turudi kwenye yale maneno "kupotea kwa akili". Madaktari walijuaje kwamba akili imepotea? Walipima. Na vipimo vya watoto vilikuwaje? Panga hivi vipande. Onyesha kwa kidole picha ya mbwa. Taja hiki ni nini. Yaani vipimo vyote vilipitia mdomoni au mikononi, sehemu mbili ambazo ugonjwa huu unazifunga kwanza. Msichana wa miaka kumi alipata alama za mtoto mchanga, na matokeo yakaandikwa kwenye faili. Ni kama kumfunga mtu kamba miguu na mikono, kumtupa bwawani, halafu ukaandika kwamba hajui kuogelea.

Wazazi walikuwa wakibisha. Walisema: huyu ananielewa, angalieni macho yake. Macho ya mabinti wa Rett yana sifa. Yanakutazama moja kwa moja na kukung'ang'ania, tofauti na watoto wengi wenye usonji. Lakini neno la mama halina namba, na faili linataka namba.

Tatizo kubwa la mikono hii wataalamu wanaliita apraksia. Nia ipo, misuli ipo, ila njia ya kutoka kwenye nia kwenda kwenye misuli haipitiki vizuri. Msichana anataka kikombe. Anakitazama. Anakitazama sana. Unasubiri. Mikono inasuguana. Unasubiri tena. Pengine baada ya muda mrefu mkono mmoja unachomoka na kukigusa, wakati ambapo wewe mwenye haraka ulishakata tamaa na kukiondoa mezani.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anafanya nini na mikono kama hii? Kanuni ya kazi yake ni marudio. Mkono hujifunza kwa kurudia tendo mara mia, mara elfu. Lakini utamrudishaje mara elfu mtoto asiyeweza kufuata maelekezo ya mdomo kwa haraka, na ambaye zoezi lenyewe linamchosha na halimpi chochote? Katika miaka ya 1980 na 1990 walijaribu mengi. Walifunga kiwiko kimoja kwa kifaa maalumu ili mikono isikutane, mkono wa pili upate uhuru. Walitumia maji ya uvuguvugu na muziki. Na walitumia kitu kimoja rahisi sana: kitufe kikubwa kilichounganishwa na mdoli wa betri au redio kaseti. Mtoto akikiangukia kwa namna yoyote, kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kiwiko, muziki unalia.

Hapo ndipo mbegu ya stori yetu ilipo. Tendo dogo, jibu papo hapo. Ukiondoa picha na makelele, gemu yoyote ile ndiyo hiyo.

GEMU ZINAINGIA HOSPITALI

Tuwaache mabinti kidogo tuangalie upande wa pili.

Mwaka 1972 zilitoka Magnavox Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu ya kuunganisha na televisheni ya nyumbani, na Pong ya Atari. Vijiti viwili na nukta inayorukaruka. Haikuchukua hata miaka kumi watu wa hospitali wakaanza kuzipigia hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanasaikolojia William Lynch, aliyefanya kazi kwenye hospitali ya maveterani huko Palo Alto, California, alikuwa anatumia gemu za televisheni kwa wagonjwa walioumia ubongo. Mwaka 1983 jarida la madaktari wa Australia lilichapisha barua kuhusu gemu kama mazoezi ya viungo. Mwaka 1995 watafiti wa Urusi wakaeleza habari za mvulana ambaye mkono wake ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa kwa sababu ya mishipa ya begani kuumia, na jinsi gemu ya kompyuta ilivyomfanya autumie.

Kwa nini gemu? Kwa sababu zinafanya mambo matatu ambayo hata mtaalamu mwenye roho ya upole hawezi kuyafanya siku nzima. Zinajibu papo hapo kila mara. Hazichoki kurudia. Na ugumu wake unaweza kupandishwa au kushushwa kidogo kidogo, ili mchezaji asichoke kwa urahisi wala asikate tamaa kwa ugumu. Mtoto anayelalamika kunyanyua mkono mara 20 kwenye zoezi atanyanyua mara 200 akiwa anapasua maputo, na ukimwambia muda umekwisha atanuna.

Ila kulikuwa na kikwazo: pedi. Gemu zile zote zilidai vidole. Kwa binti wa Rett, kumpa pedi ni sawa na kumpa kile kile kipimo cha kupanga vipande.

Kikwazo hicho kiliondolewa na kamera. Mwaka 1986 huko Toronto, Vincent John Vincent na Francis MacDougall walianzisha kampuni iliyotumia kamera ya video kumwingiza mtu ndani ya picha. Unasimama mbele ya kamera, unajiona kwenye kioo, unapiga mpira wa kwenye kioo kwa mkono wako mtupu. Baadaye mifumo ya namna hiyo ikaingia kwenye vituo vya tiba, lakini ilikuwa ghali. Mwaka 2003 Sony wakatoa EyeToy, kamera ndogo ya PlayStation 2 iliyobuniwa na Richard Marks, wazo lile lile kwa bei ya nyumbani. Mwishoni mwa 2006 Nintendo wakatoa Wii, ambayo unaichezea kwa kuzungusha mkono. Mwaka 2008 Judith Deutsch na wenzake wa New Jersey wakachapisha habari za kijana mmoja mwenye mtindio wa ubongo aliyefanyishwa mazoezi kwa Wii hiyo hiyo inayouzwa dukani, vipindi 11, na kuonyesha maendeleo kwenye kusimama na kutembea.

Novemba 2010 ikaja Kinect ya Microsoft. Hii haikutaka ushike chochote kabisa. Ilirusha mwanga usioonekana kwa macho, ikapima umbali wa kila kiungo chako, ikachora kiunzi chako ndani ya kompyuta. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California wakatengeneza programu ya bure iitwayo FAAST, ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo shujaa asiyeimbwa wa stori hii. FAAST inachukua mwendo wowote wa mwili na kuufanya uwe kama kubonyeza kitufe cha kompyuta. Unaiambia: huyu akisogeza mkono wa kulia sentimita kumi mbele, hesabu kwamba amebonyeza kitufe cha kuruka.

Hapo mambo yamegeuka. Badala ya mtoto kujilazimisha kuifuata gemu, gemu inamfuata mtoto.

MABINTI WANAINGIA MCHEZONI

Wakati mitambo hii inakua, upande wa Rett nao palitokea tetemeko. Februari 2007 timu ya Adrian Bird wa Edinburgh ilichapisha matokeo ya panya waliozimiwa jeni ya MECP2 hadi wakaugua, kisha jeni ikawashwa tena. Panya waliokuwa wamekaribia kufa wakapona dalili nyingi. Maana yake ni kubwa: chembe za ubongo hazikuwa zimekufa. Zilikuwa hai, zimekwama. Yale maneno ya 1983 ya "kupotea kwa akili" yakaanza kuonekana si sahihi, maana kilichokwama kinaweza kukwamuliwa.

Nisieleweke vibaya. Panya si binti, na hakuna tiba iliyotoka siku ile. Ila kwa watu wa mazoezi ya viungo ilikuwa ni ruhusa ya kutumaini. Na baadhi yao walishaanza. Mwaka 2004 Meir Lotan, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa Israeli aliyejikita kwenye Rett, alichapisha na wenzake habari za wasichana 4 waliotembezwa kila siku kwenye mashine ya kutembelea kwa miezi miwili. Nguvu za mwili ziliongezeka, na uwezo wa kufanya mambo kadhaa ukapanda. Miaka michache baadaye Lotan huyo huyo, pamoja na Patrice Weiss na mwenzao mwingine, wakaonyesha kwamba watu wenye ulemavu mkubwa wa akili wanaweza kufanyishwa mazoezi ya mwili kwa michezo ya kwenye kioo inayojibu mwendo wa mwili.

Mwaka 2016 ukatoka utafiti uliogusa mikono ya mabinti wa Rett wenyewe. Mraz na wenzake, akiwemo Jack Engsberg wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, walitumia uhalisia pepe, yaani ile dunia ya kwenye kioo inayokujibu ukisogea, kuwahamasisha wasichana hao kutumia mikono. Washiriki walikuwa wachache mno, na wenyewe waliuita utafiti wa kesi moja moja. Hauthibitishi kwamba dawa imepatikana. Unaonyesha kwamba jambo linawezekana, na kwa watoto ambao kwa miaka 30 waliandikwa kwenye mafaili kwamba hawawezi kufuata lolote, hiyo si habari ndogo.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Kwanza unamtazama mtoto, hugusi kompyuta. Unatafuta mwendo mmoja ambao bado anao: pengine kunyoosha kiwiko cha kushoto, pengine kuegemea mbele. Unauunganisha mwendo huo na kitu anachokipenda, wimbo fulani, uso wa mama, puto. Unaweka kiwango chini kabisa, hata mkono ukitikisika tu kioo kinajibu. Anagundua kwamba ni yeye aliyefanya. Hapo ndipo unaanza kuongeza: leo sentimita mbili, wiki ijayo nne. Na muhimu kuliko yote, unasubiri. Gemu za dukani zina haraka, adui anakuja, saa inakimbia. Kwa binti wa Rett unazima saa.

Kuna jambo moja zuri zaidi. Ili mkono ufike kwenye puto, lazima uachane na mwenzake. Ule msuguano wa kunawa maji yasiyokuwepo unakatika, hata kama ni kwa sekunde chache, na safari hii hakuna kiwiko kilichofungwa. Mkono unatoka wenyewe, kwa kuwa una mahali pa kwenda.

NA MACHO NAYO

Kwa wale ambao mkono umegoma kabisa, kuna njia ya macho. Thomas Hutchinson wa Chuo Kikuu cha Virginia alishaonyesha katika miaka ya 1980 kwamba kompyuta inaweza kufuata jicho na kulifanya kuwa kidole. Mwaka 2001 ikaanzishwa Tobii huko Sweden, nchi ya Hagberg, na vifaa hivyo vikaanza kutoka maabara kwenda majumbani. Mwanga usioonekana unapiga jichoni, kamera inasoma unavyorudi, kompyuta inajua unatazama wapi. Ukikazia macho sehemu moja kwa muda fulani, imehesabika umebonyeza.

Hapo wazazi wakapata namba waliyonyimwa. Mwaka 2012 Aleksandra Djukic na wenzake wa New York walichapisha utafiti wa kufuatilia macho ya wasichana 49 wenye Rett, na ikaonekana hawatazami hovyo: wanachagua, wanapendelea nyuso na macho ya watu, wanavutwa na jambo jipya. Watafiti wengine, kama Rosa Angela Fabio wa Italia, wakaendelea na mazoezi ya akili yanayopitia macho.

Utaniuliza, macho yana uhusiano gani na mikono? Mara nyingi jicho ndilo hutangulia, mkono ukafuata. Na gemu ya macho inampa mtoto kitu ambacho hakuwahi kukionja: uzoefu wa kuanzisha jambo. Mtu ambaye hajawahi kuona tendo lake linabadilisha chochote, kwa nini ajisumbue kunyoosha mkono?

MAJI YA BARIDI

Mwandishi wa habari anayeandika sifa tupu amegeuka mtu wa matangazo. Kwa hiyo nimwage maji ya baridi.

Mwaka huo huo wa 2016, Gustavo Saposnik wa Toronto na wenzake walichapisha utafiti mkubwa kwa wagonjwa 141 wa kiharusi. Kundi moja lilicheza Wii. Kundi la pili lilicheza karata, bingo na michezo mingine ya mezani. Matokeo? Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, na Wii haikuizidi karata. Nilipousoma nilicheka peke yangu. Wazee wetu wa bao kibarazani wangesema tungewauliza wao kwanza.

Lakini ukitulia, utafiti ule hauvunji hoja. Unaisafisha. Unasema kwamba nguvu haikuwa kwenye mashine. Ilikuwa kwenye mkono kusogea mara nyingi kwa sababu mwenyewe anataka. Mgonjwa wa kiharusi anayeweza kushika karata, mpe karata, ni bei nafuu. Binti wa Rett hawezi kushika karata. Kwake yeye kompyuta ndiyo inayomruhusu aingie mchezoni.

Maji ya pili: biashara haina huruma. Microsoft waliacha kutengeneza Kinect mwaka 2017, na vituo vilivyoizoea vikabaki vinatafuta mbadala. Kampuni ile ile ikatoa mwaka 2018 Xbox Adaptive Controller, pedi pana ya dola 99.99 ambayo unaichomekea vitufe vya kila aina, hata kile kikubwa cha miaka ya 1980. Uingereza kuna shirika la SpecialEffect, lililoanzishwa 2007, ambalo kazi yake ni kuwasaidia watu wenye ulemavu wacheze gemu. Wao wanasema mchezo wenyewe ni haki, usisubiri uitwe tiba. Nakubaliana nao.

Maji ya tatu: tafiti za gemu kwa Rett bado ni za watu wachache wachache. Atakayekuuzia programu kwa madai kwamba inaponya Rett, mkimbie.

PANYA WALIOFUNDISHWA MAPEMA

Nimalizie na Zoghbi, yule wa Beirut. Mwaka 2021 yeye na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya panya wa Rett waliofanyishwa mazoezi kabla dalili hazijaanza. Waliofundishwa mazoezi ya mwili walichelewa kupoteza uwezo wa mwili. Waliofundishwa kumbukumbu walinufaika kwenye kumbukumbu. Kila mmoja alivuna alichopanda. Yaani zoezi lenyewe linaacha alama kwenye chembe za ubongo, na mapema ni bora kuliko baadaye. Mwaka 2023 Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza mahususi kwa Rett, trofinetide. Inapunguza baadhi ya dalili, haiponyi. Dawa inaweza kulegeza mlango, lakini kupita ni kwa mazoezi.

Sasa nimepata jibu la swali la mama. Gemu zingenipa nini? Mimi labda hazikunipa kitu zaidi ya kufungwa mabao. Ila kuna mtoto mahali fulani ambaye watu wote walimwambia, kwa maneno au kwa ukimya, kwamba hana analotaka. Halafu siku moja puto likapasuka kwenye kioo, na aliyelipasua ni yeye.

Miaka 29 ilipita kati ya chumba cha kusubiria cha Vienna na ile makala ya wasichana 35. Mingine karibu 30 ikapita kabla ya macho yao kupimwa. Muda wote huo walikuwa wanatutazama. Mashine ilihitajika ili itusaidie sisi kuona, na somo lake kubwa ni la bure kabisa, halihitaji Kinect wala umeme: muulize, kisha usubiri. Subiri zaidi ya unavyoona inatosha. Kama mtaani kwenu kuna mtoto anayefungiwa ndani kwa sababu "haelewi kitu", kabla hujakubaliana na wanaosema hivyo, kaa mbele yake utazame macho yake yanakwenda wapi.

Alamsiki.